Ndege Ndani ya Kikapu cha Posa

Naona haya hata kuanza, na ningekuwa na akili ningewaacha muendelee kuamini ile hadithi nyingine inayozunguka kuhusu mimi, ile kwamba harusi yangu ilicheleweshwa na ugonjwa wa tumbo. Lakini kwa kuwa waliokuwepo uwanjani siku ile bado wako hai, na wengine wao wakiniona hadi leo hutanua mikono kama mabawa na kuzunguka mara moja kabla ya kunisalimu, ni afadhali msikie kwangu mimi niliyeaibika kuliko kwao waliofaidi.

Kwanza mnijue. Nilikulia Uvira, mashariki ya Zaïre, na shuleni kwetu alikuwepo mwalimu wa hesabu ambaye kila Alhamisi mchana alitufundisha kutengeneza ndege ndogo. Si zile za kukunja karatasi. Ndege za vipimo: unachukua ndege ya kweli, unajua urefu wake, unaugawa kwa hamsini, halafu kila kitu, bawa, mkia, tairi, dirisha la rubani, kinagawanywa kwa hamsini hiyo hiyo bila upendeleo, mpaka mwishowe una mezani ndege nzima ambayo haikosi kitu isipokuwa ukubwa. Nilipenda kazi ile kuliko mpira, kuliko chakula, kuliko wasichana (wakati huo). Kisha ndevu zikaanza kuota, majirani wakaanza kucheka, baba akanipeleka kujifunza ushonaji, na nikaacha. Miaka ikapita, vita vikaja, tukakimbia mimi na shangazi yangu kupitia Bujumbura na Tanzania, na nilipofika Malawi ningeapa kwamba vidole vyangu havijui tena kitu kingine ila sindano.

Katikati ya miaka ya tisini Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi iliyowekwa penye gereza la zamani, ilikuwa bado changa. Nyumba zetu za matofali mabichi zilikuwa zinanuka udongo, na majengo ya zamani ya gereza yalitutazama kama wenyeji wasiojua wageni hawa wametoka wapi wala wataondoka lini. Walikuwepo Warundi wengi, na sisi wachache wa Zaïre, kila mtu na Kiswahili chake, na mara kwa mara mchana kukiwa kimya ndege ilipita juu yetu ikishuka kuelekea uwanja wa ndege wa Lumbadzi. Hapo kambi nzima iliinua macho. Watu walikuwa wanafikiria Kanada, walikopelekwa wakimbizi wachache wenye bahati. Mimi (na hapa ndipo mnaruhusiwa kucheka) nilikuwa nafikiria uwiano wa bawa na mkia.

Nilikuwa natia vifungo na kukunja mapindo katika kibanda cha fundi mmoja wa Fizi, jirani na kwetu Uvira, Papa Eliya, mtu wa maneno mengi na cherehani moja. Ukutani mwake kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya ndege ya panga mbili za kuzunguka, na nilikuwa nimeitazama miezi mingi bila neno. Siku moja nikitoka kuteka maji nikakuta kando ya njia mlingoti wa katani, ule unaobeba maua, uliokauka na kuanguka. Nikauinua kwa mkono mmoja ili nipite. Ukapanda juu bila ubishi, mwepesi kama kitu kilichokwisha kusamehe, na vidole vyangu vikakumbuka kabla yangu. Niliuficha chini ya kitanda kama mtu aliyeiba.

Jamani, kurudia kazi uliyoiacha utotoni ni kuaibishwa na mtoto uliyekuwa. Ndege ya kwanza ilitoka kama kiazi chenye masikio. Ya pili bawa moja lilikuwa la ndege na jingine la bata. Nilijikata kwa wembe mpaka Papa Eliya akaniuliza kama ninashona nguo au ninachinja. Lakini ya tatu ilikubali. Mwili wa katani uliolainishwa kwa kipande cha chupa, ngozi ya karatasi nyembamba iliyobandikwa kwa uji wa unga wa muhogo, mstari wa buluu ya kufulia ubavuni, na tairi za vifungo vya shati. Niliichonga ndani kwa shangazi, mlango umefungwa, na shangazi hakupendezwa.

“Ukona miaka ishirini na nane, Yosua,” aliniambia. “Benzako banabeba batoto, we unabeba kidoli. Bantu bakiona hii, nani atakupa binti yake?”

Lilikuwa swali zuri, maana binti alikuwepo. Consolata, mtoto wa Mzee Barnabe, Mrundi aliyeheshimika sana kambini kwa sababu hakuwa anasema ovyo. Consolata alikuwa analeta sare za kwaya kushonwa na kubaki mlangoni kwa muda mrefu kuliko sare zilivyohitaji. Yeye peke yake niliwahi kumwonyesha ndege. Aliigeuza mkononi taratibu, akauliza inakwenda wapi, nikamwambia haiendi popote, ni ya kutazama tu. Akasema, “Kama sisi basi,” akanirudishia, na nadhani ni dakika ile nilipoamua kwamba nitamwoa au nitabaki hivi hivi.

Posa ikapangwa. Sasa nisikilizeni vizuri, maana mkosi wote uko hapa. Asubuhi ya posa watu wa kanisa walikuwa wanakuja kwa shangazi kuvaa, kuomba na kubeba vikapu, na shangazi alikuwa ameapa kwamba mgeni mmoja akiiona ile ndege, yeye shangazi ataitia motoni palepale. Nikatafuta pa kuificha. Kwenye kona ya nyumba kulikuwa na kikapu kikubwa kilichobaki, ambacho shangazi alisema hakitakwenda. Nikailaza ndege humo, nikaifunika kitambaa cheupe chenye alama ya pasi, nikajisifu kwa busara yangu, nikaenda kuoga.

Nilisahau jambo moja tu. Kwa desturi yetu vikapu vya posa huenda viwili viwili, kwa sababu kikapu kisicho na mwenzi kinatangaza ndoa isiyo na mwenzi. Wakati mimi najipaka mafuta, akina mama wa kanisa walivipanga vikapu, wakaona kimoja kimekosa mwenzi, wakatazama huku na huku, na kumbe pale konani kuna kingine kimekaa tayari, kimefunikwa vizuri. Waliona ni chepesi. Wakadhani ni mikate.

Tulifika kwa Mzee Barnabe tukiimba. Na mwenye kuposa, kama mnavyojua, siku hiyo hana mdomo. Anakaa kwenye mkeka, mikono magotini, macho chini, na hata nyuki akimuuma anauma mtu asiyesema. Anayesema ni msemaji wake, na msemaji wangu alikuwa Papa Eliya, kwenye koti alilojishonea mwenyewe, akiwa na furaha ya mtu aliyeletwa mahali ambapo kila mmoja amelazimika kumsikiliza. Upande wa pili alikuwa msemaji wao, Mrundi mrefu, mkali, mwenye kikohozi cha heshima. Vikapu vilifunuliwa kimoja kimoja, na kila kilichotoka Papa Eliya alikipa maana, maana ndivyo inavyofanywa: chumvi ni mazungumzo ya nyumbani, maharage ni watoto, sabuni ni moyo safi. Na maana ikishatamkwa mbele ya watu si maneno tena, ni ahadi.

Mimi nikatazama miguu ya mama aliyebeba kikapu cha mwisho. Kisha nikaona kitambaa. Kisha nikaona alama ya pasi.

Ningeweza kupiga chafya. Ningeweza kuanguka, kuzimia, kushikwa na tumbo (kwa uso niliokuwa nao wakati ule, ndivyo hadithi ya tumbo ilivyoanza, nadhani). Sikufanya lolote. Mkono wa yule mama ukavuta kitambaa na ndege yangu ikaketi pale hadharani, na tairi zake za vifungo, juani, nzuri kuliko nilivyowahi kuiona.

Msemaji wao akakohoa, akauliza hiyo ni nini.

Papa Eliya hajawahi kukosa neno, na hilo ndilo tatizo lake. Nilimwona kwa pembe ya jicho akiitambua ndege ya kalenda yake, akivitambua vifungo vyake, kisha akanyoosha koti na kusema kwa sauti ya taratibu, “Hii, bakwe zetu, njo safari,” yaani ndiyo safari.

Hakuongeza kitu. Hakukuwa na haja. Kila mtu mle uani alikuwa ameinua macho kwa ndege miaka yote ile akiwaza jambo moja, na sasa ndege imeshuka ndani ya kikapu cha posa na imetamkwa. Nilisikia mtu akisema Kanada. Kisha nikasikia vigelegele. Mzee Barnabe, ambaye kwa desturi hasemi siku ya binti yake, alitoa leso akajifuta macho. Nyuma ya pazia, alikofichwa pamoja na wasichana wenzake, Consolata aliyeijua ile ndege kwa mikono yake alishikwa na kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi, na posa ikapokelewa.

Nilijiambia nitasema kesho yake. Ndilo kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kikapu, kwa sababu kesho yake ilifika na watu wengine. Alikuja mtu na picha ya kaka yake aliyepotelea Montreal, nimtafutie. Mchungaji alitusimamisha ibadani akaombea wasafiri, na nilipobaki nimekaa, jirani yangu akaniinua kwa kwapa. Papa Eliya, ambaye ukweli aliujua na alipaswa kuwa mwenzangu katika toba, alikuwa ameanza kunishonea koti la baridi kutoka kwenye blanketi, na nilipomwambia, “Baba, tuseme ukweli,” akatoa pini mdomoni akajibu kwamba yeye alisema safari tu, hakusema ya wapi, na kwamba nisitikisike, anapima mabega.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini Mzee Barnabe alianza kugawa vitu. Alimpa jirani jembe lake zuri. Akamwambia mwingine alime lile shamba dogo la maharage nyuma ya nyumba, kwa kuwa yeye na mama watamfuata binti si muda mrefu. Mtu aliyepoteza shamba zima kwao Burundi na kulima tena kashamba ka hatua chache katika nchi ya watu, sasa anakagawa akitabasamu, kwa ajili ya kitu nilichokibandika kwa uji wa muhogo. Nilikuwa nikikutana naye njiani nainama kama mtu anayetafuta sindano. Kila siku niliyonyamaza, ukweli ulizidi kuwa na bei moja tu, na bei hiyo ilikuwa Consolata.

Halafu Mzee Barnabe akaja kibandani asubuhi moja, amevaa kofia yake ya kanisani. “Sha, mukwe,” akasema (sha kwa Warundi ni kama rafiki), “twende Lilongwe tukaulize safari ni siku gani.”

Mkwe hakatai safari ya baba mkwe. Tulipanda matola, yale magari madogo yaliyo wazi nyuma, hadi Lumbadzi, na pale tukakamata basi dogo hadi mjini, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu gari liharibike, lakini siku hiyo magari ya Malawi yalikuwa na afya ya ajabu. Ofisi ya wakimbizi niliijua. Ndiyo maana sikumpeleka. Nilimzungusha. Nikasema nimesikia imehamia upande wa Area 36, tukaenda, tukapita katikati ya samaki wakavu na nguo za mitumba, nikauliza watu ofisi ambayo haipo kwa Chichewa nisichokijua, wakanionyesha kwa ukarimu pande zote nne. Nikasema labda ni mjini juu. Tukarudi. Mzee Barnabe hakulalamika hata mara moja, alivua tu kiatu kimoja akakung'uta kijiwe, na kile kijiwe kiliniangukia moyoni.

Na hapo, kwenye barabara ya maduka, nilipokuwa natafuta uongo mwingine, nikaiona.

Lilikuwa duka la tiketi za ndege, na dirishani mwake, juu ya kiguu cha chuma, ilisimama ndege ya vipimo. Ndefu kama mkono wangu wote. Rangi yake ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya, madirisha yake yamepangwa kama sala, na kwenye bawa, jamani, kwenye ncha ya bawa walikuwa wameweka hata taa, nyekundu huku na kijani kule, ndogo kuliko mbegu ya mtama. Sijui nilipigaje magoti. Najua tu kwamba nilijikuta magotini kandokando ya barabara ya Lilongwe, pua kwenye kioo, nikimwambia Mzee Barnabe atazame, atazame mkia ule, mimi wangu nimeukosea, nimeufanya mnene kwa sababu kwenye kalenda ndege imepigwa picha kwa mbele. Na atazame walivyounganisha bawa, mimi nimetumia uji wa muhogo lakini ukikauka unavuta karatasi na bawa linapinda. Na panga zangu nilizikata kwenye debe la mafuta, lakini ukiwa na mti mzuri unaweza kuzichonga, mwalimu wetu wa Uvira alituonyesha, tangu nikiwa mdogo hivi. Nikapima kwa vidole, nikagawa kwa sauti, nikarudia kupima. Sijui nilisema muda gani. Nilipofika kwenye tairi za vifungo nikasikia nilichokuwa nasema.

Nikageuka. Mzee Barnabe alikuwa ameshika kofia mkononi.

“Ile ya kikapo,” akasema polepole, “ni wewe uliitengeneza.”

Nikasema ndiyo, Databukwe. Hivyo ndivyo Warundi wanavyomwita baba mkwe, na nilipolitamka neno nililiona likianza kuniponyoka.

“Kanada haiko.”

Nikasema haiko.

Muuzaji wa tiketi akatoka kutuuliza kama tunataka kusafiri, na Mzee Barnabe akamwambia zikomo, yaani asante, tunatazama tu. Akavaa kofia. Tukaondoka.

Tulishuka Lumbadzi. Pale, tukingojea matola, alinunua hindi moja la kuchoma, akalivunja katikati, akanipa nusu, na mimi nusu ile sikuweza kuila, nikaishika tu kama kipaza sauti. Ndege ya jioni ikapita juu ya vichwa vyetu, chini kabisa, magurudumu yametoka. Aliisindikiza kwa macho mpaka ikapotea nyuma ya miti.

“Nikirudi kusema mukwe wangu ni muongo, bantu watanicheka mimi,” akasema. “Jembe nimetoa. Shamba nimetoa. Kitu kikitoka ndani ya kikapo hakirudi. Uliahidi ndege, sha, ndege utaleta. Lakini ile yako inakaa tu. Ya kwangu iruke.”

Nikamwambia sijawahi kutengeneza inayoruka. Zetu zilikuwa za kutazama.

“Njo ujifunze,” akasema. “Mbele ya bantu yote, uwanja wa mupira, baada ya ibada. Ikiruka, binti yangu ni wako, na mi nitasema njo safari ile tulikuwa tunasema. Isiporuka, vikapo vyako nitavirudisha, mpaka ile chumvi.”

Nilifikiri Papa Eliya atanicheka, lakini alifungua kopo lake akatoa mafundo ya lastiki, ile ya kutia kiunoni mwa chupi, na tukakaa wote wawili kuchomoa nyuzi za mpira mle ndani moja moja. Ndizo zilikuwa injini yangu. Nilichonga panga kutoka mti laini, nikaweka ushanga nyuma yake ili izunguke bila kukwaruza, nikazipaka zile nyuzi mafuta ya nyonyo zisikatike. Nikagundua kwamba yote niliyoyajua hayakunisaidia: ndege ya vipimo inapenda uaminifu, lakini ndege ya kuruka inapenda uongo kidogo, bawa kubwa kupita haki yake, pua nzito kwa donge la udongo. Asubuhi nyingi niliirusha nyuma ya majengo ya gereza, ikachimba ardhi kama jembe (jembe la Mzee Barnabe, nilikuwa nawaza kila mara). Hatimaye ikaruka. Ikainama kushoto, ikazunguka duara zuri, ikatua. Nikairudia, ikafanya hivyo hivyo. Basi nikajua: inakwenda kushoto. Mtu anayejua ndege yake inakwenda kushoto anaweka watu wa muhimu kulia.

Siku ilipofika, uwanja ulijaa. Kambi ambayo haina sinema haikosi kuja. Wengine walikuja wakiamini kwamba ndege ya Kanada itatua. Mzee Barnabe alikaa kwenye kiti chake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemtuma mtu atandike mikeka ya akina mama upande wa kulia kabisa, na katikati ya mikeka hiyo, mbele, akiwa na kilemba chake kikubwa cha kitenge cha njano, alikaa mama yake Consolata, mabukwe wangu.

Sasa kama hamjui, mkwe na mama mkwe kwetu hawachezi. Simpi mkono. Simtazami usoni. Nikimkuta njiani ninaingia majanini mpaka apite, na yeye akijua mimi niko karibu anajifunika vizuri zaidi. Tangu posa sikuwa nimewahi kusikia sauti yake ikisema nami moja kwa moja.

Consolata alipita karibu nami akijifanya anatafuta mtoto, akaninong'oneza, “Isiporuka, ukimbie. Mi nitakukuta Lumbadzi.” Alikuwa anacheka, lakini mikono yake ilikuwa imeshikana sana.

Nikakaza mpira. Nikaukaza mpaka vidole vikauma. Nikainua mkono, nikangoja upepo utulie, nikaachia.

Iliruka. Siwezi kuieleza vizuri. Ilipanda kwa sauti ndogo ya nyuki, ikavuka mistari ya chokaa, ikapita juu ya goli, na uwanja mzima ukatoa pumzi moja, “Eee,” taratibu, watu waliovuka kwa miguu mipaka miwili mitatu wakitazama kitu kisicho na mzigo. Nilimwona Mzee Barnabe amesimama. Ikainama kushoto, kama nilivyojua. Ikaanza duara lake. Na hapo upepo wa Dowa, wilaya yetu, ambao haukuhudhuria majaribio yangu hata siku moja, ukavuma kutoka nyuma ya goli, ukaishika ndege yangu chini ya bawa kama mtu anavyomshika mlevi, ukaigeuza kulia.

Ilikuja chini ya kimo cha mtu, moja kwa moja kwenye mikeka. Akina mama wakalala. Mabukwe hakulala, alikuwa anaitazama ikija, mdomo wazi, kama binti mdogo. Ikatua juu ya kilemba. Ingekuwa imetua tu ningesalimika, lakini lastiki ya Papa Eliya ilikuwa bado na nguvu, panga ikashika ncha ya kitenge, ikaanza kukizungusha, ikakizungusha, kilemba kikafunguka tabaka baada ya tabaka mbele ya kambi nzima, kikadondoka, na mama mkwe wangu akabaki kichwa wazi, vijinywele vya mvi vimesimama juani, mbele ya mkwe wake.

Mtu mwenye adabu hapo angegeuka. Angefumba macho, angelala kifudifudi, angehama nchi. Mimi nilikimbia kuelekea kwake. Na, Mungu anisamehe, sikukimbia kwa ajili yake. Niliona mkono wake unapanda kuikamata ndege, na nikapiga kelele kwa sauti iliyosikika mpaka gerezani:

“Usishike bawa!”

Kwa mama mkwe. Kama ninamwambia mtoto. Na nilipozinduka nilikuwa nimesimama juu yake, ndege mkono mmoja, kilemba mkono wa pili, nikimtazama usoni kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Kisha wazee wakaanza kunung'unika. Msemaji mrefu alikohoa akasema haijawahi kutokea. Mwingine akasema hapo hakuna ndoa tena, mwanaume akishamvua mama mkwe nguo ya kichwa ameshajifukuza mwenyewe. Papa Eliya alifungua mdomo akaufunga (kwa mara ya kwanza). Nilimtafuta Mzee Barnabe kwa macho, na yeye alikuwa anatazama chini, na nikajua kwamba ndege imeruka na mimi nimeanguka. Consolata alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili.

Ndipo mabukwe akasema. Hakusema nami, alisema na wazee, bila haraka, huku akiniondolea kitenge mkononi.

“Kichwa yangu inaonwa na bwana yangu na batoto yangu tu,” alisema. “Bwana niko naye, yule pale. Sasa huyu tumuite nani?”

Kwanza alicheka mwanamke mmoja nyuma. Kisha mikeka yote. Mzee Barnabe alijaribu kubaki mzee, mabega yakamsaliti, akakaa tena kwenye kiti akalia kwa kucheka, na msemaji mrefu, baada ya kukohoa mara nyingi kuliko kawaida, akakubali kwamba kwa desturi mama akishasema hivyo, jambo limekwisha. Tulioana mwezi uliofuata. Shamba la maharage lilirudi. Jembe halikurudi, na nimelilipia kwa kulima mwenyewe kila msimu, mgongo ukiuma, jirani aliyepewa akinisalimu kwa mabawa.

Ninatengeneza ndege hadi leo, na nimeapa mbele ya mke wangu kwamba zote ni za kukaa mezani. Mabukwe huja kuzitazama akiwa amejifunga kilemba kwa mafundo mawili. Hunyoosha kidole kimoja polepole kuelekea kwenye bawa, ananitazama, anangoja, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, natazama sakafu na kumwambia, “Shika tu, mama.”